Ujumbe Usiorudiwa

Kilosa,
10 Januari 2005

Kwa kijana Ditram,
Duka la Intaneti, Mikumi.

Kijana wangu, salamu. Kama huko Mikumi mnapumua, mshukuruni Mungu, maana sisi huku Kilosa tumeshikwa koo na huo mtambo wako.

Ni mimi Oswald Lusekelo, stesheni masta mstaafu. Unanifahamu. Ulipoanzisha hilo Baraza la Wanakilosa kwenye mtandao, mimi ndiye uliyenipa uenyekiti wa ukurasa wa Salamu. Ulisema, "Mzee, watu wetu wametapakaa nchi nzima, wanahitaji pa kuamkiana." Nikakubali. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi nakwenda dukani kwa mama Hildegarda, kwenye kompyuta moja inayotegemewa na mtaa mzima. Yeye anachapa, mimi nasema, kwa kuwa vidole vyangu vilizoea bendera na taa, si hizo herufi zilizomwagwa kama mahindi ya kuku.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita ukurasa ulikubali kufunguka, tukaona jina la binti yangu Irine. Hildegarda akanikataza hata kukohoa. Maneno yakateremka polepole kama maji ya bomba la mgao. Ameandika hivi, nakurudishia neno kwa neno:

"Shikamoo baba. Ni mimi Irine. Barua zangu zilirudi hazijafunguliwa, ndiyo maana nakuamkia hapa mbele za watu. Nimejifungua mtoto wa kike. Lenku anasema jina litoke kwako, na mama yake anasema hivyo hivyo. Tutasubiri mpaka Pasaka. Ukikaa kimya nitajua, sitakusumbua tena."

Umesoma? Kuna mtoto hapa duniani hana jina. Anamsubiri babu yake, na babu yake anasubiri ukurasa ufunguke! Nimejibu, Hildegarda amebonyeza, kioo kikawa cheupe. Alhamisi tumejaribu tena, kikawa cheupe. Leo hata jina la Irine hatukulifikia.

Usiniambie nimwandikie barua. Zile barua nilizirudisha mwenyewe posta, na anwani ya nyuma sikuitazama. Tena nilimwambia uwanjani pa kanisa, watu wakitoka misa, kwamba akiolewa na huyo Lenku, mtoto wa mfugaji wa Msowero, shikamoo yake sitaiitikia. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekula mahindi yangu yote ya Munisagara, na hasira ilikuwa bado mbichi. Basi, nililolikataa mbele za watu nitaliitikia mbele za watu. Wewe tengeneza mtambo.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Oswald Lusekelo


Mikumi,
12 Januari 2005

Mzee wangu Oswald,

Shikamoo. Hongera sana ya mjukuu. Barua yako kondakta kanipa huku akicheka, nadhani uliifunga vibaya akaisoma njiani.

Mzee, ningekuwa na nywele ningezing'oa. Si wewe peke yako unayelia. Costancia wa Mbeya anasema yeye akishafungua ukurasa wa Salamu anakwenda sokoni, ananunua mboga, anachambua, akirudi ndipo anaona jina la mtu wa kwanza. Onesphory wa Mwanza ananitukana kwa barua pepe, tena kwa herufi kubwa. Wote wamekwisha amua kuwa mimi ndiye mchawi wao. Hili baraza sipati hata shilingi, nalilea tu kwa mapenzi ya nyumbani, na shukrani yake ndiyo hii.

Ajabu ni kwamba hapa kwangu ukurasa huo huo nikibonyeza unafunguka mara moja. Nimeujaribu asubuhi, nimeujaribu mchana, malori yakiunguruma hapo nje na umeme ukicheza. Unafunguka. Kwa hiyo tatizo liko huko, si huku.

Nashuku picha. Kila mwanachama kaweka uso wake pembeni mwa jina. Onesphory yeye hakutosheka, kaongeza ua linalocheza na bendera inayopepea. Laini ya simu ya Kilosa haiwezi kubeba vyote hivyo. Mwambie mama Hildegarda azime picha kwenye kompyuta yake, yeye anajua pa kubonyeza. Halafu vuta subira kidogo.

Kijana wako,
Ditram


Kilosa,
17 Januari 2005

Kijana wangu Ditram,

Marahaba. Barua yako nimeipokea. Umesema kondakta amesoma ya kwangu. Umesema Costancia anakwenda sokoni na Onesphory anatukana. Umesema hapo kwako ukurasa unafunguka mara moja, na kwamba tatizo liko huku. Umesema Hildegarda azime picha. Umesema nivute subira. Nimepokea yote.

Picha zimezimwa. Nyuso zote zimetoweka, ua la Onesphory limenyauka, na ukurasa bado umekaa palepale kama punda aliyegoma. Alhamisi tulifika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi tukaanza upya, laini ikakatika. Hildegarda, ambaye simjui kwa kulaani, alisema neno ambalo sitaliandika.

Unaniambia kwako unafunguka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa! Abiria waliokwama Kilosa huwaambii kwamba Dodoma treni inapita vizuri. Funga hilo duka lako siku moja, panda basi, njoo ukae kwenye kiti hiki cha Hildegarda uone.

Nami subira nimekwisha ivuta mpaka inataka kukatika. Jirani yangu Yeremia ameniuliza, "Mjukuu anaitwa nani?" Nimesema, "Anaitwa Ngoja." Akacheka. Mimi sikucheka. Nimefika nyumbani nimekaa kitandani nimewaza: yule binti yuko mahali nisipopajua, anatazama kioo kama ninachokitazama mimi, na kila siku anaona baba yake amekaa kimya. Ananihesabia ukimya ambao si wangu. Ni wa kwako.

Oswald Lusekelo


Mikumi,
29 Januari 2005

Mzee wangu,

Shikamoo. Jana nilikuja Kilosa na nimekukosa, nimeambiwa uko Munisagara unapalilia. Kwenda, basi lilikwama Zombo kwenye tope, tukashuka wote tukasukuma. Kurudi, likakwama palepale, tukasukuma kuelekea upande wa pili. Suruali yangu ya kuendea harusi sasa ni ya kulimia.

Lakini nimekaa kwenye kiti cha mama Hildegarda, na nimeona. Kwanza nakiri kwamba ulikuwa na haki ya kunikaripia. Kompyuta yangu ya hapa imekwisha ukariri ule ukurasa. Nikiufungua hainiletei mpya, inanipashia kiporo. Ndiyo maana naona unafunguka upesi. Kompyuta ya Kilosa haina kiporo, inabidi ipike upya kila siku.

Pili, nimemjua mchawi. Mzee, naomba radhi kabla sijamtaja. Ni wewe.

Tazama unavyofanya. Onesphory anaandika, "Shikamoo mzee, huku Mwanza mvua imezidi." Wewe unabonyeza kitufe cha kunukuu, maneno yake yote yanajipanga upya. Chini yake unaandika, "Umesema shikamoo. Umesema Mwanza mvua imezidi. Marahaba." Hilo lingevumilika. Lakini mwezi wa nane ulimgombeza Costancia mbele ya baraza zima kwa kujibu bila kurudia, na watu wakaogopa. Sasa Costancia anakunukuu wewe uliyemnukuu Onesphory, mtu wa Tabora anamnukuu Costancia pamoja na wote walio tumboni mwake, na wewe unarudi unawanukuu wote ndipo useme marahaba. Kuna salamu moja ya mwaka jana imerudiwa humo mpaka imeota mvi. Ukurasa mmoja una maneno kuliko gazeti la mwaka mzima! Hii seva yangu ni ya kuombaomba, ya bure, ikifika katikati inachoka na kukata. Ndicho hicho kioo cheupe unachokiona.

Nimekata. Nukuu zote za zamani nimezifyeka, kila ujumbe umebaki wenyewe, wa binti yako uko salama. Kitufe cha kunukuu nimekiondoa. Nimejaribu kwa mama Hildegarda, ukurasa umefunguka kabla hajamaliza kupiga chafya.

Basi, mzee wangu, nenda Jumatatu uandike neno moja: Marahaba. Usirudie chochote. Ukianza tena kurudia nitakufungia mlango, pamoja na heshima zote nilizonazo kwako.

Ditram


Kilosa,
3 Februari 2005

Ditram,

Barua yako imefika. Sikurudishii ulichosema, kwa kuwa umepiga marufuku.

Wewe umezaliwa wakati kila mtu anasema "sawa" na kuondoka. Nami nitakueleza kitu kimoja, ukipende usikipende. Nikiwa stesheni, wenzangu wa stesheni ya Munisagara wakinipigia kwamba treni imeingia njiani, sikuwajibu sawa. Nilirudia: namba ya treni, saa yake, njia yake. Aliyetuma akisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia ndipo anajua yamefika salama. Ujumbe usiorudiwa haujapokelewa. Kwenye reli, "sawa" inaua watu. Hata nyumbani Irine alipokuwa mdogo, nikimtuma chumvi hatoki mlangoni mpaka arudie: chumvi, kwa mama Tomasi, na chenji usisahau. Marehemu mama yake, Natalia, alikuwa akinicheka, lakini chumvi haikukosewa hata siku moja.

Mimi nawarudia watu maneno yao ili wajue kuwa yupo mzee anayewasikia. Wewe umeita uchafu, umefyeka.

Lakini mtoto hana jina, na kiburi changu kimekwisha nigharimu vya kutosha. Nimetii. Hildegarda ameandika: "Marahaba. Baba." Basi. Limekwenda kabla sijafumba mdomo. Jina sijalitoa, jina la mtoto halipigiwi kelele barazani kama tangazo la mnada, nitalitoa akishanijibu.

Sasa nakwenda dukani kila siku. Ukurasa unafunguka upesi kama ulivyotaka, nao upesi upesi unanionyesha kwamba hajajibu.

Oswald Lusekelo


Monduli,
21 Februari 2005

Kaka Ditram,

Hunijui. Mimi ni Irine, binti wa Mzee Oswald wa Kilosa. Nakuandikia wewe kwa sababu anwani ya duka lako imeandikwa chini ya Baraza, na kwa sababu nina hasira na wewe.

Nani alikutuma uniitikie badala ya baba yangu?

Kabla sijaandika ule ujumbe wangu nilikwenda Arusha, nikakaa asubuhi nzima kuufungua ukurasa wa Salamu. Ulikuwa mzito, mwenye duka akaniuliza kama nimeamua kuhamia. Sikuondoka. Nilimsoma baba. Kila mtu amerudiwa maneno yake: mvua ya Mwanza, mguu wa Costancia, hata mtu aliyeandika kwamba hana la kusema amejibiwa, "Umesema huna la kusema. Marahaba." Nilicheka peke yangu mle dukani, halafu nikalia. Nimelelewa stesheni mimi. Nikasema moyoni, bado ni yuleyule, na akinirudia maneno yangu nitajua amenisikia. Ndipo nikaandika.

Nikarudi mara kwa mara, hakuna kitu. Sasa juzi ukurasa umefunguka upesi, nimekuta: "Marahaba. Baba." Maneno mawili. Mtoto hakutajwa. Lenku hakutajwa. Mtu wa Mwanza anarudiwa mvua yake, mimi sirudiwi mtoto wangu?

Kaka, nimewaza usiku na mchana na naona mambo mawili tu. Ama umeandika wewe kwa kunionea huruma. Ama ni yeye, na hakutaka maneno yangu yapite kinywani mwake. Sijui lipi linauma zaidi.

Mama mkwe wangu, mama Nasieku, tuliyehamia naye huku Monduli, ni mtu mvumilivu. Amesema mtoto aliyepewa jina na upande mmoja ni kama aliyevaa kiatu kimoja, ndiyo maana amesubiri. Lakini Pasaka ikifika bila neno, atampa jina lake mwenyewe, na mimi sitamzuia. Kilosa sitamwamkia tena mtu.

Tafadhali usinijibu kwa niaba ya yeyote.

Irine Oswald
S.L.P. ya kanisa, Monduli


Mikumi,
2 Machi 2005

Mzee wangu Oswald,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Irine. Imeandikwa kwangu lakini ni yako. Isome kwanza, kisha urudi kwenye hii yangu.

Umeisoma? Basi na mimi nimeisoma mpaka nimeikariri, na leo sikufungua duka. Nilikwenda nikakaa na madereva kando ya barabara, nikanywa chai. Mwezi mzima nilikuwa najisifu kwamba nimeutibu ule ukurasa. Onesphory ameniandikia kunipongeza, kwa herufi ndogo. Kumbe nimemkata baba ulimi mbele ya mwanawe.

Nisamehe, mzee. Mimi nilitazama uzito tu, sikutazama kilichobebwa.

Kitufe nimekirudisha. Ukurasa utakwama, najua, na watanitukana, najua. Anwani yake unayo sasa. Pasaka iko mwisho wa mwezi huu na posta zetu unazifahamu, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Andika leo, mpe kondakta aniletee, nitaipeleka mwenyewe kwenye basi la Arusha.

Nilikuahidi kukufungia mlango ukirudia. Leo nakuomba urudie.

Ditram


Kilosa,
4 Machi 2005

Binti yangu Irine,

Ujumbe wako nimeupokea. Narudia.

Umesema: Shikamoo baba. Umesema ni wewe Irine. Umesema barua zako zilirudi hazijafunguliwa. Umesema ndiyo maana umeniamkia mbele za watu. Umesema umejifungua mtoto wa kike. Umesema Lenku anasema jina litoke kwangu, na mama yake anasema hivyo hivyo. Umesema mtasubiri mpaka Pasaka. Umesema nikikaa kimya utajua, hutanisumbua tena.

Ujumbe ni huo, na umefika.

Marahaba, mwanangu. Ile ya kwanza nayo ilikuwa yangu, si ya yule kijana. Aliniambia maneno ndiyo yanayoukwamisha ukurasa, nami kwa haraka ya kukufikia nikayaacha. Maisha yangu yote sijawahi kusema "sawa" kwenye laini, nimekuja kuisema kwako. Nimeshindwa kula tangu nisome barua yako.

Jina ni hili. Mtoto aitwe Natalia, la marehemu mama yako, na Nasieku, la bibi yake wa huko aliyekubali kunisubiri wakati mimi sikustahili kusubiriwa. Lipi litangulie, achague yeye.

Njooni Pasaka. Mkifika Morogoro pandeni basi la Kilosa. Nitakuwa stendi. Bendera ya kijani sina tena, niliirudisha pamoja na funguo za stesheni, lakini nitasimama pale mpaka mshuke. Lenku naye aje. Mahindi ya Munisagara yalikwisha ota mengine.

Haya yote nimeyaweka pia kwenye Baraza, mbele za watu, neno kwa neno. Hildegarda amechapa huku anapenga kamasi. Wasioweza kufungua ukurasa wangoje, mimi nimengoja.

Rudia ujumbe huu, nijue umefika.

Baba yako,
Oswald Lusekelo


Monduli,
15 Machi 2005

Baba,

Shikamoo. Narudia.

Umesema marahaba. Umesema na ile ya kwanza ilikuwa yako. Umesema umeshindwa kula. Umesema mtoto aitwe Natalia na Nasieku, na bibi yake achague lipi litangulie. Nimemfikishia, amesema marehemu apewe njia kwanza, kwa hiyo ni Natalia Nasieku. Umesema tukifika Morogoro tupande basi la Kilosa. Umesema utakuwa stendi, bila bendera. Umesema Lenku naye aje. Hapo nilipomsomea aliniomba nirudi nyuma, anataka nirudie tena: umesema Lenku naye aje.

Umesema mahindi yalikwisha ota mengine.

Nimepokea, baba. Tutafika Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka.

Mwanao,
Irine

N.B. Nilikwenda Arusha nikujibu na kwenye Baraza pia, mbele za watu. Ukurasa umegoma kabisa. Kabla haujakwama niliona kidogo tu pale juu: yule wa Mwanza amekunukuu wewe, Costancia amemnukuu yeye, mtu wa Tabora amewanukuu wote, na kila mmoja anarudia jina la mtoto.